Kwa nini mbwa wangu anatembea lakini hana uhai?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa Tanga, najifunza kuchora katuni kwa simu. Nimetengeneza kipande cha sekunde 12: mbwa anaingia uani, anafika kwenye ndoo ya dagaa, ananyakua, anakimbia. Miguu nimeihangaikia wiki mbili nzima. Lakini kila ninayemwonyesha ananiambia mbwa anatembea ila hana uhai. Mtu mmoja akanishauri nikatazame Playful Pluto, katuni fupi ya zamani ya studio ya Disney, ile ya mbwa Pluto na karatasi ya nzi, eti nitaelewa. Nimeitazama mara tatu. Watoto wa dada yangu wamecheka, mimi nimeona mbwa amenata tu. Pale kuna nini? Halafu, kwa nini Pluto hasemi hata neno, na Goofy, mhusika mwingine wa Disney ambaye naye ni mbwa, anavaa suruali na kuongea?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kipande chako nimekitazama mara nyingi kuliko ulivyoitazama wewe Playful Pluto, na nianze na miguu kwa sababu ndiyo iliyokula wiki zako mbili. Ni mizuri kweli. Wayo unapotua, bega linashuka na kupokea uzito. Mkia hauburutwi kama kamba nyuma ya gari, unachelewa kidogo na kufuata. Wengi niliowafundisha walichukua miezi kufika hapo. Kwa hiyo kosa halimo miguuni, na hata ukiichora upya mara kumi hutalipata huko.

Kosa liko kwenye ndoo. Rudi kwenye fremu yako ya kwanza kabisa, yaani mchoro wa kwanza. Mbwa anaingia kutoka kushoto na macho yake tayari yameelekea ndoo. Anajua dagaa wamo kabla hajanusa. Wewe unajua, maana wewe ndiye uliyeiweka ndoo pale, na bila kukusudia umempa mbwa ujuzi wako. Kuanzia hapo hana cha kugundua, hana cha kusitasita, hana cha kuogopa. Anafuata njia uliyomchorea kama gari moshi kwenye reli, na ndiyo maana watu wanasema hana uhai.

Sasa twende 1934. Playful Pluto ilitoka Machi mwaka ule, nyeusi na nyeupe, ikiongozwa na Burt Gillett, aliyekuwa ameongoza Three Little Pigs, katuni ya nguruwe watatu, mwaka mmoja kabla. Kisa chake ni chepesi. Mickey, yule panya wa Disney mwenye mbwa, anafanya usafi nyumbani, Pluto anataka mchezo, na kila anapopita kazi inaharibika. Kuna mpira wa maji, kuna tochi ambayo Pluto anaimeza na kuanza kumulika kutoka tumboni. Ni vichekesho vya kawaida vya wakati ule: jambo linamtokea mhusika, tunacheka, tunaingia kwenye jingine. Nadhani ndiyo sababu mara zako tatu zimepita bure. Umeitazama filamu yote kwa jicho moja, ukitarajia siri imesambaa kila mahali. Haikusambaa. Iko kwenye karatasi ya nzi, na ukikata yote mengine ukabaki na karatasi peke yake, utakuwa umebaki na kilichoifanya filamu hii ikumbukwe.

Karatasi yenyewe ni karatasi iliyopakwa gundi isiyokauka. Inatandazwa dirishani au mezani, nzi akitua haondoki. Ni ndugu wa ulimbo, ule utomvu ambao watoto hupaka vijitini kunasia ndege. Na yeyote aliyewahi kula fenesi bila kupaka mafuta mikononi anaijua hadithi ya Pluto kabla hajaiona: unafuta kidole kwa kidole, sasa vimenata viwili, unafuta viwili kwa kiganja, sasa umenata mkono mzima, unajisahau, unakuna pua.

Hicho ndicho kinachomkuta Pluto. Ananusanusa huku na huko, karatasi inanata puani. Anavuta, haitoki. Anaisukuma kwa mguu, pua inapona, mguu unanata. Anaushughulikia mguu, inahamia kwingine. Anakaa chini, na makalio nayo yananasa. Ukikisimulia kwa mdomo kisa hiki kinaisha kwa pumzi moja, na huenda hata msikilizaji asitabasamu. Kwa hiyo usiitazame karatasi. Mtazame Pluto katikati ya jaribio moja na jingine, pale ambapo hakuna kinachotokea.

Pale anaacha kuhangaika. Anaitazama karatasi. Nyusi zinapanda, moja juu zaidi ya nyingine. Ngozi ya paji la uso inajikunja. Anatutazama sisi, kama mtu aliyefumaniwa katika jambo la aibu akitaka kuona kama tumemwona. Kisha jicho linapata wazo, na tunaliona likipatikana, na ndipo kichwa kinafuata, na ndipo mguu unafuata. Wazo lenyewe ni baya, litamtia kwenye taabu mpya, na sisi tumeshajua kabla yake. Tunacheka kwa sababu tumemwona akifikiri na tumeona anakosea wapi. Gundi haina mchango mkubwa katika kicheko hicho.

Hili lilikuwa jipya mwaka 1934, na ni vigumu kwetu kulihisi kwa sababu tumelelewa nalo. Katuni za miaka ya nyuma zilikuwa na wahusika wanaopigwa, kuvutwa, kubondwa, kurefushwa kama ubani wa kutafuna, na kichekesho kiliwajia kutoka nje. Kwenye karatasi ya nzi kichekesho kinatoka ndani ya kichwa cha mbwa. Kila taabu inazaliwa na suluhisho alilolibuni mwenyewe dakika iliyopita. Neno letu uhuishaji limetokana na huisha, yaani kutia uhai, na mimi nasema kazi hii ilianza kulistahili jina hilo pale ambapo mchoro ulionekana ukiwaza.

Wawili ndio wa kukumbukwa hapa. Wa kwanza ni Webb Smith, mtunzi wa visa katika studio ya Disney, ambaye wazo la karatasi lilikuwa lake. Huyu ndiye anayetajwa mara nyingi pia kuwa mwanzilishi wa ule utaratibu wa kuchora kisa kizima katika vikaratasi na kuvibandika ukutani kwa mfuatano, ili watu wakione kabla hakijaanza kuchorwa kwa gharama. Sioni kuwa ni bahati tu kwamba mambo haya mawili yanahusishwa na mtu mmoja. Kisa cha karatasi ya nzi kimejengwa kwa hatua: hii inazaa ile, ile inazaa nyingine, wala huwezi kubadilisha mpangilio. Mtu aliyezoea kuona visa vimetandazwa ukutani anauona mnyororo huo.

Wa pili ndiye mwalimu wako halisi kuanzia leo: Norman Ferguson, aliyemchora Pluto akitenda. Alijiunga na Disney mwaka 1929 akitokea New York, na hakuwa mtu wa chuo cha sanaa. Alipenda sana maonyesho ya jukwaani, yale ya wachekeshaji wanaotoka mmoja baada ya mwingine kumfanyia hadhira mambo yake, na hilo linaonekana: Pluto anapotugeukia na kututazama, ni mchekeshaji wa jukwaani anayesubiri kicheko kipungue ndipo aendelee. Michoro yake ilikuwa michafu. Mistari mingi, ya haraka, inayopishana, mwili unaonekana kama umezungushwa kwa waya. Kusafisha alikuwa akiwaachia wasaidizi. Yeye alishughulika na kuigiza tu.

Simama hapo kidogo, maana hapa napo nina neno na wewe. Nimeona faili lako: kila fremu imepakwa rangi, ina kivuli, hata pua ina mng'ao. Umeanza kwa kusafisha. Mtu akishapaka rangi mchoro hawezi tena kuutupa, mkono unauonea huruma. Pale Disney walikuwa wakipiga picha michoro ya penseli kwanza, mibichi hivyohivyo, wanaitazama ikitembea, wanabishana, wanarudi kuchora. Chumba cha kutazamia kilikuwa kidogo na chenye joto, wakakiita chumba cha jasho. Wewe chumba chako kimo mfukoni. Chora mbwa kwa mistari mitano, tazama, futa, chora tena. Rangi ije siku ya mwisho.

Ferguson alikuwa ameanza kutafuta jambo hili kabla ya 1934. Mwaka 1930, kwenye katuni ya Frolicking Fish, alichora samaki wanaocheza ambao miili yao haikukwama kila mahali kwa wakati mmoja. Kabla ya hapo mhusika alifika kwenye mkao, akaganda, kisha akaondoka kwenda mkao mwingine. Mwigizaji wa nyama na damu akisimama tuli bado anapumua, bado tunamwona yu hai. Mchoro ukisimama tuli unageuka karatasi. Ferguson alifanya sehemu moja ya mwili ifike wakati nyingine bado iko njiani, na hata mhusika anapotulia kuna kitu kinaendelea kushuka taratibu, sikio, shavu, mapezi. Inaonekana jambo dogo, lakini bila hilo karatasi ya nzi isingewezekana, kwa sababu kipande chote kimeegemea kwenye kutulia. Huwezi kumwonyesha mbwa anayewaza kama kila anapoacha kusogea anakufa.

Mwaka huohuo wa 1930 alichora mbwa wawili wa polisi kwenye The Chain Gang. Mickey ni mfungwa, anatoroka, na mbwa hao wanatumwa kunusa nyayo zake. Wanakuja moja kwa moja mbele ya kamera, pua kubwa, wananusa hadi unadhani watakunusa wewe. Hawakuwa na jina. Kwenye The Picnic, mwaka huohuo, mbwa wa namna hiyo anatokea akiitwa Rover, tena ni wa Minnie, mpenzi wa Mickey. Kwenye The Moose Hunt ya 1931 ndipo akawa wa Mickey na kuitwa Pluto, mwaka mmoja baada ya kugunduliwa kwa lile gimba la mbali lenye jina hilo, ambalo wakati ule lilihesabiwa sayari.

Na kwenye The Moose Hunt, hapa najibu swali lako la pili, Pluto alisema. Aliongea maneno, kwa sauti ya mtu. Kama unataka kujua kwa nini hasemi, katafute kipande hicho ukione. Neno linapotoka, mbwa anatoweka. Unabaki na mtu aliyevaa ngozi ya mbwa. Watu wa Disney walikiona wenyewe, na hatimaye Pluto akabaki mbwa: miguu minne, shingoni ukanda, kubweka, kulia, kuhema. Sauti zake kwa miaka mingi alizitoa Pinto Colvig, mchekeshaji aliyewahi kufanya kazi kwenye sarakasi, na mtu huyohuyo ndiye aliyekuwa sauti ya Goofy. Koo moja, mbwa wawili. Goofy aliingia mwaka 1932 kwenye Mickey's Revue kama mtazamaji mwenye kicheko cha ajabu ukumbini, kwa hiyo tangu siku ya kwanza kazi yake ilikuwa ya mtu: kukaa kitini, kutafuna, kucheka. Pluto alianza kwa kunusa ardhi. Kila mmoja alibaki na kile alichoanza nacho. Wanaoona kuna utata hapo wanawahesabu wote wawili mbwa kwa sababu ya masikio, lakini katika katuni mhusika anajulikana kwa anachofanya.

Kukosa maneno ndiko kulikomlazimisha Ferguson afikiri kwa uso. Angeweza Pluto kusema "sasa nitatumia mguu," tungejua wazo lake kwa sikio na tusingehitaji kulitafuta machoni. Mbwa bubu anamwacha mchoraji bila pa kujificha. Kwa mwanafunzi ni zawadi, nakuomba usimpe mbwa wako sauti ya mtu hata kama programu yako inaruhusu.

Kuna ushahidi mmoja juu ya kipande hiki ambao mimi huwa nawaeleza wanafunzi kila mwaka, na kila mwaka unanigusa upya. Mwaka 1941 Preston Sturges alitengeneza Sullivan's Travels, filamu ya waigizaji wa kweli, kuhusu mwongozaji wa Hollywood anayeona aibu kwa kuwa ametengeneza vichekesho tu wakati watu wanateseka. Mambo yanamgeuka hadi anafungwa, anafanyishwa kazi ngumu kwa minyororo. Usiku mmoja wafungwa wanapelekwa kwenye kanisa dogo la watu weusi. Mchungaji anawaomba waumini wake wawapokee wageni hao kwa heshima, wasiwafanye wajisikie duni. Waumini wanaimba, wafungwa wanaingia, minyororo inasikika ikigonga sakafu. Kisha taa zinazimwa, na kinachoonyeshwa ni Pluto na karatasi ya nzi. Kanisa zima linaangua kicheko, waumini na wafungwa pamoja. Mwongozaji anashtuka kujisikia naye anacheka. Sturges alikuwa ametaka kutumia filamu ya Chaplin, mchekeshaji maarufu wa filamu zisizo na sauti, akakataliwa. Walter White, kiongozi wa jumuiya ya NAACP iliyopigania haki za watu weusi Marekani, alimwandikia Sturges kumshukuru kwa namna alivyowaonyesha watu wa kanisa lile.

Fikiria njia aliyopita mbwa huyu. Alianza mwaka 1930 akimnusa mfungwa aliyetoroka. Miaka 11 baadaye wanaomcheka ni wafungwa wenye minyororo miguuni, na wanamcheka kwa kumwelewa, maana hakuna anayejua zaidi yao maana ya kujinasua huku ukinasa kule. Kipande kisingefanya kazi hiyo kanisani kama kingekuwa ni mbwa aliyenata tu.

Baada ya hapo Pluto alipata mfululizo wake mwenyewe kuanzia 1937, na Lend a Paw ya 1941 ikapata Tuzo ya Oscar ya katuni fupi. Ni kazi nzuri, ila hukuniuliza. Ferguson naye alipewa kumchora yule malkia aliyegeuka kikongwe katika Snow White, filamu ndefu ya katuni ya 1937, na ukimtazama kikongwe yule akiinama juu ya tofaa lake utakuta mapumziko yaleyale: jicho, kichwa, mkono.

Haya, tuingie uani kwako. Kipande chako kina michoro 12 kwa sekunde, yaani michoro 144. Nakuomba uongeze 40 tu, na zote ziwe kabla ya dagaa.

Mbwa aingie akiwa na shughuli nyingine. Ananusa ukuta, anapita tu. Harufu imfikie akiwa ameshaipita ndoo, na mwili uendelee kwenda hatua moja zaidi wakati pua imeshasimama. Hapo kwanza sogeza pua peke yake, michoro mitatu au minne, macho bado yametazama mbele. Kisha macho yaende upande wa ndoo, kichwa kisigeuke. Kisha kichwa. Akishaiona ndoo, usimpeleke. Mpe woga wake. Atazame mlango wa jikoni, kwa maana mbwa koko wa kwetu ameshaonja jiwe na ndala, anajua mlango huo unatoa nini. Masikio yalale. Atazame ndoo tena, sikio moja linyanyuke. Sasa tumeona mizani ikipanda na kushuka kichwani mwake, na hakuna mguu uliosogea. Atakaponyakua dagaa, mbio zake ulizozichora vizuri zitakuwa na sababu.

Katika michoro hiyo 40 usigandishe hata mmoja. Pale unapotaka atulie, chora mikao miwili inayofanana sana, kifua kikiwa juu kidogo katika mmoja na chini kidogo katika mwingine, uende taratibu kati yake. Mwache apumue.

Na kabla hujashika simu, nenda kaangalie mbwa. Najua mjini Tanga nyumba nyingi hazifugi, na huenda hujawahi kukaa na mbwa karibu. Nenda asubuhi pale samaki wanaposhushwa, kaa mbali, chagua mmoja. Utaona anajifanya haangalii. Anakaa ameupa samaki mgongo, ila masikio yamegeuka nyuma. Hilo ni la kwako. Lichore kwa penseli palepale, mistari mitano inatosha, na unitumie kipande kikiwa bado kibichi, bila rangi.